Vuka mto, uishi Kawaguchi: mwongozo kwa mgeni anayekuja kusoma au kufanya kazi Tokyo

Mtu akipata nafasi ya kusoma au kufanya kazi Tokyo, kitu cha kwanza anachotafuta ni chumba Tokyo. Nami nilifanya hivyo. Nikachukua posho ya ufadhili, nikatoa kodi ya chumba cha Shinjuku, hesabu ikagoma. Mwenzangu aliyenitangulia akaniambia neno moja tu: "Kaka, vuka mto."

Mto wenyewe ni Arakawa. Upande huu ni Tokyo, upande ule ni Kawaguchi, mji wa mkoa wa Saitama wenye watu zaidi ya 600,000, na kati yao zaidi ya 40,000 ni wageni kutoka nje ya Japani. Treni inavuka daraja kwa muda mfupi kuliko wa kumaliza kikombe cha chai. Nimeishi hapa miaka kadhaa na nimehama mara mbili ndani ya mji huuhuu, na kila mwaka napokea ujumbe wa vijana wa kwetu wanaouliza yaleyale. Nimeyaweka hapa kwa mpangilio wa kuyafanya, kwa sababu ukianza na la tatu kabla ya la kwanza utalipa mara mbili.

Hatua ya 1: Chagua reli kabla ya chumba

Kawaguchi ina njia tatu za reli zinazokuhusu, na kila moja inakupeleka kwenye maisha tofauti.

Ya kwanza ni Keihin-Tohoku, yenye mstari wa buluu ya anga ubavuni. Inasimama stesheni za Kawaguchi na Nishi-Kawaguchi. Kutoka Kawaguchi, stesheni moja tu unafika Akabane, ambayo iko Tokyo tayari, na dakika kama 20 hivi uko Ueno. Ukishuka Akabane unaweza kubadili kuelekea Ikebukuro, Shinjuku na Shibuya. Jihadhari na jambo moja: pembeni ya reli hii zinapita treni nyingine za masafa zinazokwenda kasi, na zinaipita stesheni ya Kawaguchi bila kusimama. Mgeni akipanda moja ya hizo Ueno kwa haraka, atajikuta Urawa, mji wa mbele, akitafuta njia ya kurudi.

Ya pili ni reli ya Saitama, iliyofunguliwa mwaka 2001. Inapita chini ya ardhi katika vitongoji vya Kawaguchi-Motogo, Hatogaya, Araijuku hadi Higashi-Kawaguchi, na upande wa Tokyo treni zake zinaunganika moja kwa moja na njia ya Namboku. Kama unasoma Chuo Kikuu cha Tokyo katika kampasi ya Hongo, unapanda Hatogaya na kushuka stesheni ya Todaimae bila kubadili treni. Kasoro yake ni nauli: kwa umbali uleule, ni ghali kuliko treni za JR, kampuni inayoendesha Keihin-Tohoku. Vyumba vya huko ni nafuu kidogo, lakini pesa unayookoa kwenye kodi inaweza kuliwa na nauli. Piga hesabu ya vyote viwili pamoja.

Ya tatu, Musashino, inazunguka mbali na katikati ya Tokyo na inapita Higashi-Kawaguchi. Inamfaa anayefanya kazi Saitama au Chiba, si anayekwenda katikati ya Tokyo kila siku.

Anayesoma Chuo Kikuu cha Saitama yeye anakwenda kinyume na umati: anapanda Keihin-Tohoku kuelekea Omiya, anashuka Kita-Urawa, kisha basi. Asubuhi watu wamesukumana kuelekea Tokyo, yeye anapata nafasi ya kupumua.

Ukishajua reli yako, uliza habari za pasi ya kusafiria, teiki, ya mwezi 1, 3 au 6. Waajiri wengi hulipia. Mwanafunzi hujilipia, kwa bei ya punguzo, akileta uthibitisho wa chuo.

Hatua ya 2: Soma ardhi

Hapa ndipo wengi wanapoharakisha, na ndipo ninapotaka utulie zaidi.

Sehemu kubwa ya Kawaguchi, hasa karibu na stesheni, ni bonde la mto. Mto Shibakawa nao unapita katikati ya mji kwenda kuungana na Arakawa. Tuta la Arakawa ni refu na pana, watu hukimbia na kuendesha baiskeli juu yake jioni, na ukisimama pale utaona mwenyewe kwamba mapaa ya nyumba nyingi yako chini ya macho yako. Ofisi ya mji hutoa ramani ya hatari ya mafuriko, ambayo watu wote hapa huiita hazado mappu. Imepakwa rangi kuonyesha maji yatafika kimo gani mto ukivunja tuta. Tafuta mtaa unaoutaka kwenye ramani hiyo kabla ya kwenda kuangalia chumba. Tangu Agosti 2020 dalali analazimika kisheria kukuonyesha nyumba iko wapi kwenye ramani hiyo kabla hujatia sahihi, lakini wakati huo umeshachoka na umeshakipenda chumba. Angalia mapema.

Upande wa kaskazini-mashariki, maeneo ya Angyo na Tozuka, ardhi inapanda. Huko ndiko kwenye vitalu vya miti na maua, kazi iliyoanza tangu enzi ya Edo (1603 hadi 1868), na hadi leo ukitembea unakuta mashamba ya miche katikati ya nyumba za watu. Ni mbali zaidi na Tokyo, lakini ni juu.

Kumbuka pia kwamba Wajapani huhesabu ghorofa kuanzia chini. Wakisema ghorofa ya 1, wanamaanisha ile inayokanyaga ardhi. Mimi chumba changu cha kwanza kilikuwa ghorofa ya 1, karibu na mto. Oktoba 2019 kilipokuja kimbunga Hagibis, simu ililia usiku kucha na tahadhari, nami nikapandisha vitabu na pasipoti juu ya kabati nikakaa macho. Tuta lilishika. Mwaka uliofuata nilihamia ghorofa ya 3.

La pili la kuuliza ni mwaka wa ujenzi. Kanuni za kukinga majengo na tetemeko zilibadilishwa Juni 1981. Jengo lililopata kibali baada ya hapo limejengwa kwa kipimo kikali zaidi. La kabla ya hapo huwa na kodi ya chini, na sababu mojawapo ni hiyo.

Na la tatu, tembea kwa miguu. Tangazo likisema "dakika 8 kutoka stesheni", hizo dakika zimehesabiwa kwa mita 80 kila moja, bila taa za barabarani wala mlima. Nenda mwenyewe, ikiwezekana usiku, upite njia utakayokuwa ukirudi nayo.

Hatua ya 3: Andaa pesa ya kuingilia

Chumba kimoja chenye sehemu ndogo ya kupikia, kinachoandikwa 1K, karibu na stesheni za Kawaguchi huzungukia yeni 60,000 hadi 80,000 kwa mwezi. Ukivuka kuingia Tokyo bei inapanda. Lakini kodi ya mwezi si pesa utakayoombwa siku ya kwanza. Tuchukue chumba cha yeni 65,000:

- shikikin, amana, mwezi 1: 65,000
- reikin, mwezi 1: 65,000
- ujira wa dalali, mwezi 1 na kodi ya serikali: 71,500
- kampuni ya udhamini, nusu mwezi: 32,500
- kodi ya mwezi wa kwanza: 65,000
- bima ya moto na kubadilisha kitasa: kama 35,000

Jumla yeni 330,000 na ushee, yaani zaidi ya kodi ya miezi 5. Neno reikin linawatatiza wengi. Ukijua kilemba cha fremu ya duka Kariakoo, umeshalijua: ni pesa ya kumshukuru mwenye nyumba, na hairudi. Shikikin ndiyo inayorudi, ikishakatwa gharama za uharibifu. Zipo nyumba zisizo na reikin kabisa. Mwambie dalali "reikin nashi", bila kilemba, na atafute upya. Uliza pia habari za koshinryo, malipo ya kuhuisha mkataba. Katika mikoa inayozunguka Tokyo kawaida ni kodi ya mwezi mmoja kila baada ya miaka 2, na watu huisahau mpaka barua ifike.

Njia nyingine ni nyumba za UR, shirika la umma la makazi. Huko hakuna reikin, hakuna ujira wa dalali, hakuna mdhamini, hakuna malipo ya kuhuisha. Wanachotaka ni uthibitisho wa kipato au akiba. Kawaguchi ina mtaa mkubwa wa maghorofa wa namna hiyo, Shibazono, uliojengwa mwaka 1978, na stesheni ya karibu yake ni Warabi, mji jirani. Wakazi wengi wa Shibazono ni Wachina, na wazee wa Kijapani waliohamia wakiwa vijana bado wapo. Kama una familia, anza hapo.

Sasa neno gumu. Wapo wenye nyumba wasiopangisha wageni. Niliketi mbele ya dalali mmoja nikamsikia akipiga simu kwa kila nyumba niliyoichagua: anaanza kwa kusema mteja ni mgeni kutoka nje, ananyamaza, anainamisha kichwa kana kwamba anaonekana, anaomba radhi, anakata. Nyumba tatu mfululizo. Inauma, na sitakudanganya kwamba utaizoea. Kilichonisaidia ni kwenda kwa dalali nikiwa na makaratasi yote mkononi: kitambulisho cha ukaazi, barua ya ufadhili yenye kiasi cha posho, na namba ya simu ya mtu aliyeko Japani atakayepigiwa dharura ikitokea. Kiulize pia chuo chako kama kinaweza kuwa mdhamini. Baadhi ya vyuo hufanya hivyo, na mwanafunzi asipouliza hakuna atakayemwambia.

Ukikabidhiwa ufunguo, kabla hujaingiza begi, piga picha kila kona: mikwaruzo ya sakafu, madoa ya ukuta, kutu ya bomba. Tangu Aprili 2020 sheria ya madai ya Japani imesema wazi kwamba uchakavu wa kawaida si deni la mpangaji. Picha zenye tarehe ndizo zitakazoongea siku ya kuhama.

Chumba utakikuta kitupu. Mara nyingi hakina taa, pazia, wala jiko la kupikia. Nunua taa mchana wa siku ya kwanza, maana ukingoja jioni utalala gizani. Vitu vya mitumba utavipata kwa wanafunzi wanaorejea makwao mwezi Machi, wakati mwingine bure ukijibebea.

Hatua ya 4: Gesi ndiyo inayohitaji uwepo wako

Umeme na maji unaomba kwa simu au mtandaoni, vinawaka bila wewe kuwepo. Gesi sivyo. Fundi lazima aje, awashe, akague mbele yako. Usipoweka miadi siku kadhaa kabla, utaoga maji baridi, na kama umehamia Februari utajua nilichomaanisha. Kabla ya kukubali chumba uliza ni gesi ya bomba la mji, toshi gasu, au ya mtungi, puropan. Ya mtungi kwa kawaida ni ghali zaidi, na katika majengo ya kupanga huwezi kubadilisha muuzaji.

Hatua ya 5: Ndani ya siku 14, ofisi ya mji

Kitambulisho cha ukaazi ulipewa uwanja wa ndege, lakini nyuma yake nafasi ya anwani ni tupu. Una siku 14 tangu kuhamia kwenye makazi yako kwenda kuandikisha anwani. Ukizembea hadi siku 90 bila sababu ya msingi, kibali chako cha ukaazi kinaweza kufutwa. Ofisi kuu ya mji wa Kawaguchi iko mtaa wa Aoki, mwendo wa miguu kutoka stesheni ya Kawaguchi kwa mwenye subira, au panda basi. Nenda asubuhi, katikati ya wiki. Machi na Aprili foleni ni ndefu, kwa sababu Japani nzima inahama.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, amua jina lako litaandikwaje kwa katakana, herufi za kuandikia maneno ya kigeni. Jambo hili linaonekana dogo. Majina yetu ni matatu na fomu ina visanduku viwili. Sauti zetu nazo hazina herufi moja huku: Mwanaidi huwa Muwanaidi, na ofisa mwingine akisikia vibaya ataandika Wanaidi. Dada mmoja ninayemfahamu aliandikwa kwa namna moja ofisini na kwa namna nyingine benki, na mshahara wake wa kwanza ukarudishwa kwa mwajiri. Andika katakana zako kwenye kikaratasi, zipige picha, na uzinakili hivyohivyo kila mahali: ofisi ya mji, benki, simu, chuo.

Ukiwa hapohapo, maliza na haya:

Bima ya afya ya taifa. Ukiwa nayo, hospitali unalipa asilimia 30 ya gharama. Kama huna kipato, tamka rasmi kwamba kipato cha mwaka uliopita ni sifuri, ndipo mchango wako upunguzwe. Usipotamka, hawawezi kukadiria. Tangu Desemba 2, 2024 kadi mpya za bima za kizamani hazitolewi tena. Unatumia kadi ya My Number, yenye namba ya utambulisho ya kila mkaazi, au karatasi ya uthibitisho kama huna kadi hiyo. Ukiugua, anza na zahanati ya mtaani. Ukikimbilia hospitali kubwa ya rufaa bila barua ya daktari wa kwanza, unatozwa yeni 7,000 au zaidi juu ya matibabu.

Pensheni ya taifa. Inamhusu kila mkaazi wa miaka 20 hadi 59. Mwanafunzi anaweza kuomba kuahirishiwa. Ukilipa angalau miezi 6 kisha ukaondoka Japani, unaweza kudai sehemu ya pesa hizo ndani ya miaka 2. Wengi wetu tumeziacha kwa kutojua.

Kama unataka kibarua ukiwa mwanafunzi, kibali chake hutolewa na idara ya uhamiaji, si ofisi ya mji, na kikomo ni saa 28 kwa wiki. Usizidishe hata saa moja kwa kusikiliza maneno ya mtaani. Kibali cha ukaazi kinapohuishwa, rekodi za kodi huonyesha kila kitu.

Na kodi ya mkaazi, ile ya serikali na si ya chumba: inalipwa kwa mji uliokuwa ukiishi Januari 1, kwa kipato cha mwaka uliotangulia. Ukihama Februari, bili itatoka Kawaguchi vilevile. Ukihama mji, unaaga ofisi ya zamani kwanza, wanakupa cheti, kisha unajiandikisha mji mpya ndani ya siku 14.

Wenye watoto waende pia idara ya elimu ya mji. Shule za msingi na sekondari ya chini za umma zinapokea watoto wa wageni bila ada. Kwa mtu mzima ambaye hakumaliza ngazi hiyo kwao, Kawaguchi ilifungua mwaka 2019 shule ya umma ya usiku ya sekondari ya chini, ya kwanza katika mkoa wa Saitama.

Hatua ya 6: Taka

Nikiulizwa ni nini kinaamua kama majirani watakukubali au watakukwepa, nitajibu taka. Kila mtaa una kituo chake cha kuwekea taka na kalenda yake: siku hizi za kuchomwa, siku hii chupa za glasi, siku ile makopo, siku nyingine karatasi, nyingine plastiki za vifungashio. Kalenda utapewa ofisi ya mji. Ibandike mlangoni, usawa wa macho.

Wiki yangu ya pili nilitoa mfuko wa chupa za plastiki, nikaondoka. Jioni nikaukuta uleule, peke yake, una karatasi ya onyo. Jirani wa chini, mama mtu mzima aliyenizidi miaka kama 40, alikuwa anafagia. Hakusema kitu. Alichukua chupa moja, akafungua kizibo akakiweka kando, akatafuta kile kidoti kidogo kwenye karatasi ya plastiki iliyozunguka chupa, akaivuta ikachanika yote kwa mstari mmoja, akasuuza chupa kwa maji ya bomba la nje, akaikanyaga ikalala bapa. Kisha akanipa ya pili nifanye mimi. Tulizimaliza zote, tukiwa tumechuchumaa. Kizibo na karatasi ni plastiki ya siku nyingine, chupa ni ya siku yake. Sijawahi kukosea tena.

Kanuni ni hizi: mfuko uwe unaoonyesha ndani, utoke asubuhi ya siku yenyewe na si usiku wa kuamkia, na uwekwe chini ya wavu ili kunguru wasiupasue. Kitanda, godoro au meza unapiga simu, unalipia stika dukani, unabandika. Runinga, friji, mashine ya kufulia na kiyoyozi mji hauvichukui kabisa. Kuna sheria yake maalumu na unalipia urejelezaji. Usimpe mtu wa gari linalopita na kipaza sauti akisema anachukua bure.

Betri ndogo za kuchaji, za simu na za power bank, zitenge kabisa. Januari 2025 moto ulizuka katika kituo cha kuchakata taka cha Asahi hapa Kawaguchi, na mji mzima ukaombwa kupunguza taka huku miji jirani ikisaidia kuzichoma. Betri iliyofichwa ndani ya mfuko wa kawaida ikipondwa hulipuka.

Siku ya kuhamia, gonga milango ya majirani wa pande mbili na wa chini. Beba kitu kidogo: taulo, biskuti, kahawa ya Kilimanjaro ukiwa nayo, kwani jina hilo Wajapani wanalijua vizuri. Taja jina na nchi, inama, ondoka, usikaribie kuingia ndani. Waite kwa jina la ukoo ukiongeza san. Kwetu heshima ni kumwita mtu mzima mama au bibi hata kama humjui. Hapa, kumwita mwanamke usiyemfahamu obaasan, bibi, kunaweza kumkwaza. Yule wa chupa namwita kwa jina lake la ukoo mpaka leo.

Ukialikwa kujiunga na jichikai, umoja wa wakaazi wa mtaa, kubali. Ada ni ndogo, na siku ya mazoezi ya maafa utajua kisima, stoo na shule ya kukimbilia viko wapi.

Hatua ya 7: Baiskeli

Kawaguchi ni tambarare, baiskeli ndiyo miguu ya watu. Ukiinunua dukani iandikishe papo hapo kwa namba ya kuzuia wizi. Ukipewa na rafiki, omba karatasi ya kukabidhiana na ubadilishe jina, maana polisi husimamisha na kuulizia namba hiyo. Mkoa wa Saitama umelazimisha bima ya baiskeli tangu Aprili 2018. Faini za papo hapo kwa makosa ya baiskeli, kama kushika simu ukiendesha, zimewekwa kuanzia Aprili 2026 kwa wenye miaka 16 na kuendelea. Karibu na stesheni usiiache njiani. Lipia maegesho, au utaifuata kwenye yadi ya mji na kulipa ili uirudishiwe.

Chakula, kabla hujakata tamaa

Wiki za mwanzo watu hula mikate na tambi mpaka wanakonda. Jifunze majina matano. Moroheiya ni mlenda uleule, unajaa madukani kiangazi. Satoimo ni jamii ya magimbi, madogo na yenye utelezi, na Saitama ni moja ya mikoa inayoyalima sana. Satsumaimo ni viazi vitamu. Okura ni bamia. Komatsuna, mboga ya majani inayolimwa mkoa huuhuu, nayo ukiikaanga na kitunguu na nyanya inashika nafasi ya sukuma wiki vizuri kuliko mchicha wa Kijapani. Unga wa mahindi utafute kwenye maduka ya halali, ambayo Kawaguchi na Warabi yapo, pamoja na nyama ya mbuzi. Nishi-Kawaguchi ina maduka mengi ya Kichina yenye pilipili, tangawizi na mchele kwa bei nafuu. Jioni kabla ya kufunga, supamaketi hubandika stika za nusu bei kwenye samaki. Jifunze herufi hizo mbili, 半額, hata kabla hujajua kuandika jina lako.

Kijapani chenyewe kifuate kwenye madarasa ya kujitolea katika kumbi za mitaa, kominkan. Ada ni kidogo na walimu wengi ni wastaafu. Nyumbani, idhaa ya Kiswahili ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, ina masomo ya Kijapani yaliyoelezwa kwa Kiswahili.

Jumapili ya kwanza

Utakapomaliza makaratasi, toka mlango wa mashariki wa stesheni ya Kawaguchi. Mbele yako kuna jengo la Kyupora, lenye maktaba kuu ya mji. Jina hilo ni la tanuri la kuyeyushia chuma, kwa sababu kabla ya maghorofa haya Kawaguchi ilikuwa mji wa wasubu chuma. Kisha tembea au panda baiskeli hadi bustani ya Aokicho. Humo limo karai kubwa la chuma, refu kuliko mtu.

Mwaka 1958 Tokyo iliandaa Michezo ya Asia, na kazi ya kusubu karai la mwenge ilipewa fundi wa Kawaguchi, Suzuki Mannosuke. Alipomimina chuma, kalibu lilipasuka. Mzee alianguka, akafariki siku chache baadaye. Mwanawe Bungo na ndugu zake wakaanza upya, na karai lao la pili ndilo lililowashwa mwaka ule na tena katika Olimpiki ya 1964. Chini ya moto huo Wilson Kiprugut alikimbia mita 800 akatwaa shaba, medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki.

Lililoko bustanini ni lile la kwanza, la baba, lililoharibika kisha likatengenezwa. Nenda alasiri, kabla vipaza sauti vya mji havijapiga ule wimbo wa jioni wa kuwaita watoto nyumbani.